Sura ya Nne: Mlango, Saa na Sahihi

Mlango ukigongwa usiku huko Mangobo, Kabondo au Lubunga, hapa Kisangani, na sauti ikasema "Fungua, ni leta!", yaani ni watu wa serikali, watu wengi hufungua kwanza na kufikiri baadaye. Aliyegonga ana bunduki, aliye ndani ana watoto waliokwisha kuamka, na shuleni hakuna aliyetufundisha kwamba Katiba ina neno la kusema saa ile. Neno hilo lipo. Ibara ya 29 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema kwamba makao ya mtu hayaingiliwi, na kwamba hakuna ziara wala upekuzi unaoweza kufanywa humo ila kwa namna na masharti yaliyowekwa na sheria.

Ibara hiyo ni fupi, na ufupi wake umewaponza wengi. Haitaji hati. Haitaji saa. Haimtaji polisi. Inatutuma kwenye sheria nyingine, na raia asiyejua sheria hizo ziko wapi huishia kuamini kwamba leta ina ruhusa ya kuingia popote, wakati wowote. Imani hiyo si ya kweli. Sheria ya Kongo inaeleza nani anaweza kupekua nyumba yako, kwa idhini ya nani, saa ngapi, na anapaswa kuacha maandishi gani anapoondoka. Sura hii inapita katika masharti hayo moja baada ya jingine, kwa macho ya mkaaji wa Kisangani, kwa sababu haki isiyojulikana na mwenyewe ni rahisi mno kuchukuliwa.

Ibara ilikotoka

Maneno ya Ibara ya 29 yana umri mkubwa kuliko nchi yetu. Katiba ya Ubelgiji ya mwaka 1831 ilikwisha kusema kwamba makao ya mtu hayaingiliwi, na kwamba upekuzi hufanyika tu katika hali zilizotajwa na sheria na kwa namna iliyowekwa na sheria. Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Léopold II, Mkataba wa Koloni wa tarehe 18 Oktoba 1908 ulitamka kwamba wakaaji wote wa koloni wana haki kadhaa zilizomo katika Katiba hiyo, na haki ya makao ilikuwa miongoni mwake.

Hivyo kwenye karatasi, mvuvi wa Wagenia na karani wa Stanleyville, jina la Kisangani wakati ule, walikuwa na haki sawa na ya mkaaji wa Brussels. Maishani mambo yalikuwa mengine kabisa. Mwafrika alihitaji kibali ili ahame kijijini na kwenda kuishi mjini, na usiku hakuruhusiwa kutembea atakavyo katika mtaa wa Wazungu. Polisi iliyozoea kumdai mtu kibali kwa kuwepo kwake tu haikuona ajabu kuingia nyumbani mwake. Mazoea hayo hayakuisha bendera ilipobadilishwa.

Sheria yenyewe nayo haikubadilika sana. Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambayo ndiyo inayoongoza upekuzi hadi leo, ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, iliyotolewa miezi isiyotimia kumi na moja kabla ya uhuru. Kanuni ya Adhabu ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940. Zote mbili zimerekebishwa mara kwa mara, lakini mifupa ni ileile. Wakoloni waliandika masharti ambayo wao wenyewe hawakuyaheshimu kwa Mwafrika. Sisi tumeyarithi, na kazi ya kuyatekeleza imebaki mikononi mwetu.

Nani anaweka sahihi

Katika kituo cha polisi cha Makiso au cha Tshopo, si kila aliyevaa sare ni sawa mbele ya sheria. Kuna askari wa kawaida, na kuna ofisa wa polisi ya mahakama, ambaye kila mtu Kongo anamwita OPJ. OPJ ndiye aliyepewa mamlaka ya kuchunguza makosa, kusikiliza mashahidi, kukamata vitu na kuandika PV, yaani taarifa rasmi ya maandishi. Amri ya tarehe 3 Julai 1978, namba 78-289, ndiyo inayopanga kazi yake. Askari wa kawaida anaweza kumsaidia, lakini hana mamlaka ya kupekua nyumba kwa niaba yake mwenyewe. Mwanajeshi ambaye hana cheo hicho katika haki ya kijeshi hana mamlaka hayo kabisa juu ya nyumba ya raia, hata kama ana nyota begani.

OPJ naye, mambo yakiwa ya kawaida, hajitumi. Anahitaji hati ya upekuzi, na hati hiyo hutiwa sahihi na magistra wa parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka. Hapa sheria yetu inatofautiana na za majirani. Nchini Kenya, hati ya upekuzi huombwa mahakamani, na anayeitoa ni hakimu. Nchini Tanzania, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kutoa idhini ya maandishi kwa askari wake, na hakimu pia anaweza kutoa hati. Kongo tuna njia yetu: mamlaka yamewekwa mikononi mwa parke, yaani kwa yule ambaye kesho ndiye atakayekushitaki.

Tofauti hii ni nzito. Hakimu hana kesi ya kushinda. Magistra wa parke anayo. Tena, marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yaliziondoa parke katika ibara ya 149 inayoeleza uwezo wa mahakama, na sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 kuhusu mpango wa mahakama inaziweka chini ya Waziri wa Sheria, ambaye anaweza kuzipa maagizo. Naamini kwamba nchi yetu itafika siku ya kumpa jaji kazi ya kuidhinisha upekuzi wa nyumba, na wabunge wangefanya jambo jema kuanza kulijadili sasa. Lakini hadi siku hiyo, sahihi ya parke ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa na sahihi yoyote. Mtu aliyeweka jina lake na muhuri wake chini ya karatasi anaweza kuulizwa kesho kwa nini aliuweka. Aliyetuma askari kwa simu hawezi kuulizwa kitu.

Hati yenye maana inajibu maswali yafuatayo: nyumba ipi, ya nani, kwa kosa gani, inatafutwa nini, na OPJ gani ametumwa. Hati inayosema "mtaa wote" haijajibu chochote. Upekuzi unafanywa kwa ajili ya kosa fulani, na nyumba inaingiliwa kwa sababu kuna jambo linaloiunganisha na kosa hilo. Mshukiwa si lazima awe mwenye nyumba. Sheria inaruhusu kupekua hata kwa mtu wa tatu, kwa mfano jirani aliyehifadhi mzigo. Lakini uhusiano lazima uwepo, na lazima uandikwe kabla mlango haujafunguliwa. Sababu inayoandikwa baada ya kitu kupatikana imechelewa.

Saa za sheria

Sharti linalofuata ni la saa. Upekuzi wa nyumba hauruhusiwi kuanza kabla ya saa kumi na moja alfajiri wala baada ya saa tatu usiku, yaani 5:00 na 21:00 kwa saa za ofisi. Anayetaka kuingia nje ya saa hizo lazima awe na idhini ya rais wa Tribunal de Grande Instance. Usiku, basi, sahihi ya parke haitoshi, na jaji anaingia katika jambo. Hilo ni sharti zuri, na ndilo linalovunjwa zaidi.

Tazama sasa jinsi saa hizo zinavyokaa Kisangani. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta. Jua linachomoza mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi na kuzama mwendo wa saa kumi na mbili jioni, Januari hadi Desemba. Ina maana kwamba polisi akija saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, amefika ndani ya saa za sheria, na bado ni giza. Akija saa mbili na nusu usiku, wakati taa za betri zimewashwa na sufuria ya pondu iko mezani, bado yuko ndani ya sheria. Kenya na Tanzania zimefuata jua: hati hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu vingine. Kanuni hiyo inaifaa Kisangani kuliko yetu. Mchana majirani wanaona nani ameingia, sare zina majina yanayosomeka, na anayebeba redio au gunia la mchele kutoka nyumbani kwa mtu anaonekana akilibeba. Giza linaondoa mashahidi wote hao.

Mlango unaofunguka bila karatasi

Kuna hali ambazo sheria haimtaki OPJ awe na hati, na raia anapaswa kuzijua vizuri sawasawa na zile zinazomtaka awe nayo. Kubishana pale ambapo sheria iko upande wa polisi kunaleta madhara bure.

Ya kwanza ni kosa la papo hapo. Ordonansi-sheria namba 78-001 ya tarehe 24 Februari 1978 inaeleza makosa ya aina hiyo. Ni kosa linalotendeka sasa hivi, au lililotoka kutendeka. Sheria inahesabu pia kwamba ni papo hapo pale mtu anapokimbizwa kwa kelele za watu, au anapokutwa, muda mfupi baada ya kosa, na vitu, silaha, zana au karatasi zinazoonyesha kwamba ndiye aliyetenda au aliyeshiriki.

Tuchukue mfano. Saa nne usiku kijana anapora simu karibu na soko kuu, watu wanapiga yowe, anakimbia na kuruka ukuta wa parseli moja, na polisi wanamfuata mguu kwa mguu. Hapo hakuna haja ya kwenda parke kutafuta sahihi. Kelele za watu na mbio zisizokatika ndizo zinazofungua mlango. Geuza mfano huo kidogo: simu iliporwa Jumatatu, na Alhamisi mtu anamnong'oneza OPJ kwamba mwizi analala kwa shangazi yake Kabondo. Siku tatu zimepita, kelele zimenyamaza, na parke iko wazi saa za kazi. Hapo OPJ hana udhuru. Aende atafute hati, na shangazi ana haki ya kuiona.

Ya pili ni ridhaa ya mkuu wa nyumba. Baba au mama mwenye nyumba anaweza kumwita polisi mwenyewe, kwa mfano akishuku kwamba mpangaji anaficha silaha, au anaweza kukubali anapoombwa. Lakini ridhaa ni neno la mtu aliye huru kusema hapana. Mama aliyefungua mlango kwa sababu ulikuwa unavunjwa hajaridhia kitu. Mtoto wa miaka kumi aliyekutwa peke yake nyumbani hawezi kuridhia kwa niaba ya wazazi. Kwa hiyo ni vizuri kutamka wazi, kwa heshima na mbele ya watu: "Komanda, mimi siwazuii, lakini siridhii. Nionyesheni karatasi." Sentensi hiyo haimtukani mtu na haivunji sheria yoyote. Inazuia tu mtu asije akaandika kesho kwamba mwenye nyumba alikubali.

Na hapa neno la tahadhari. Kanuni ya Adhabu, katika ibara ya 133 na zinazofuata, inaadhibu anayewapinga watu wa serikali kwa nguvu au kwa vitisho wakiwa kazini. Usimsukume askari. Usifunge njia kwa panga wala kwa kundi la vijana. Upekuzi haramu unapingwa kwa maneno wakati ule, na kwa karatasi siku inayofuata.

Buklaji na nyumba kwa nyumba

Wakaaji wa Kisangani hawakutani sana na OPJ mmoja mwenye hati moja. Wanakutana na buklaji: alfajiri mtaa mzima umezingirwa, njia zimefungwa, na watu wenye silaha wanapita nyumba moja hadi nyingine wakitafuta majambazi au bunduki. Sababu zinazotolewa mara nyingi ni za kweli. Ujambazi upo, silaha zipo, na watu wa mitaa ya pembeni wenyewe huomba polisi waje. Lakini kuzingira mtaa hakugeuzi nyumba mia tatu kuwa nyumba za washukiwa. Polisi wanaweza kukagua vitambulisho barabarani. Wakifika kwenye kizingiti, Ibara ya 29 inaanza kazi upya kwa kila mlango.

Mji huu unajua gharama ya kusahau jambo hilo. Tarehe 14 Mei 2002, baada ya askari walioasi kuteka redio kwa saa chache, wanajeshi wa RCD-Goma, kundi la waasi lililoutawala mji wakati ule, waliupata tena mji na kushuka Mangobo. Waliingia majumbani wakisema wanawatafuta waasi. Wakaua, wakabaka na kupora, na usiku watu walichinjwa kwenye daraja la mto Tshopo, maiti zikatupwa majini. Bila shaka hapakuwa na sheria siku ile. Palikuwa na vita. Lakini ndivyo ilivyoanza: mtaa mzima ulihesabiwa kuwa na hatia, na kila mlango ukawa mlango wa adui.

Nchi ilikwisha kuwa na Katiba mpya yalipotokea ya Kinshasa. Novemba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Likofi dhidi ya vijana wa magenge wanaoitwa kuluna. Polisi, baadhi yao wakiwa wamefunika nyuso, waliwatoa vijana majumbani usiku bila hati, na wengi hawakurudi. Ripoti ya Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Binadamu ya Oktoba 2014 ilithibitisha vifo 9 na watu 32 waliotoweka katika miezi mitatu; Human Rights Watch, mwezi uliofuata, ilihesabu waliouawa wasiopungua 51 na waliotoweka 33. Kama kila aliyeingia nyumbani angelazimika kuonyesha karatasi yenye jina lake na la aliyemtuma, familia zile zingekuwa na pa kuanzia kuuliza.

Majirani zetu nao hawakuokoka. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, polisi wa Kenya walipita nyumba kwa nyumba mtaani Eastleigh, Nairobi, na kuwafungia watu kwa maelfu katika uwanja wa Kasarani, wakati Katiba yao ya 2010 inamlinda kila mtu, katika ibara ya 31, dhidi ya upekuzi wa nyumba yake. Katiba nzuri peke yake haimzuii askari aliyeamriwa kuingia.

Kuna wakati sheria yenyewe hulegeza masharti. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri na Kivu Kaskazini ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi inayoitwa état de siège, ambayo Bunge limekuwa likiirefusha. Ordonansi namba 21/016 ya tarehe 3 Mei 2021 inazipa mamlaka za kijeshi uwezo wa kupekua majumba mchana na usiku. Mkoa wetu wa Tshopo haumo. Dereva anayetoka Kisangani kwa Barabara ya Taifa namba 4, akapita Bafwasende na kuingia teritwari ya Mambasa, mkoani Ituri, kuelekea Nia-Nia, anavuka mpaka wa sheria mbili: upande mmoja usiku unahitaji idhini ya jaji, upande wa pili hauhitaji. Kwa hiyo afisa yeyote anayewaambia watu wa Kisangani kwamba "tuko vitani, sheria imesimama" anawadanganya. Kusimamisha haki hizo kunahitaji tendo la Rais lililoandikwa, lenye eneo na muda, na kwa Tshopo halijatolewa.

PV: karatasi ya pili

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika upekuzi daftari hilo ni PV. Hati inaruhusu kuingia. PV inaeleza kilichotokea ndani. OPJ anaweza kukamata kitu kinachohusika na kosa, kiwe cha kumtia mtu hatiani au cha kumtetea. Sheria inamtaka amwonyeshe mwenye kitu ili akitambue, akieleze kitu hicho kwa maandishi, kisha mwenye kitu atie sahihi, au iandikwe kwa nini hakutia.

Hebu tuangalie mstari mmoja wa PV. "Simu moja" haitoshi. "Simu moja ya Tecno, nyeusi, kioo kimepasuka pembeni kulia, imekutwa juu ya kabati la chumba cha pili, mbele ya mwenye nyumba" ni mstari wa PV. Tofauti kati ya mistari hiyo miwili ndiyo inayoamua kama simu yako itafika parke au itauzwa sokoni kabla ya Ijumaa. Fedha zihesabiwe kwa sauti, noti kwa noti, na jumla iandikwe. Kama hakuna kilichopatikana, hilo nalo liandikwe, kwa sababu upekuzi mtupu ni ushahidi wa kumtetea mtu.

Soma kabla ya kutia sahihi. Kama PV imeandikwa kwa Kifaransa na wewe husomi Kifaransa, omba usomewe kwa Kiswahili au Kilingala. Kama mstari umerukwa, sema, na ukikataliwa, andika pembeni ya sahihi yako kwamba hukubali. Mwite chefu wa mtaa na jirani mmoja mtu mzima wawepo. Chefu wa mtaa hawezi kutoa hati, lakini macho yake yana thamani. Wala hakuna ada ya upekuzi. Anayedai pesa ya mafuta ya pikipiki, ya karatasi au ya "kufunga dosye" anadai kitu ambacho sheria haikijui.

Mtu akichukuliwa pamoja na vitu vyake, Ibara ya 18 ya Katiba inaanza hapo hapo: aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana mara moja na familia au wakili wake, na asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Andika saa aliyochukuliwa. Hesabu inaanza hapo.

Simu iliyo mfukoni

Siku hizi nyumba ya mtu iko pia mfukoni mwake. Picha za watoto, mazungumzo na mume aliyeko Buta, hesabu za likelemba, yaani mchango wa kupokezana, salio la M-Pesa au Airtel Money: vyote viko ndani ya simu. Kwenye vizuizi vya barabarani watu huambiwa wafungue simu, na WhatsApp inasomwa mbele ya umati. Ibara ya 31 inalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano ya aina yoyote, na inaruhusu kuingiliwa katika hali zilizotajwa na sheria tu. Kizuizi cha barabarani hakimo. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California, kwamba hata mtu aliyekwisha kukamatwa kihalali, simu yake haipekuliwi bila hati. Kongo ina Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Ni wajibu wa mawakili wetu kuitumia pamoja na Ibara ya 31 hadi mahakama zetu ziseme wazi jambo hilohilo.

Masharti yakivunjwa

Kwanza, anayeamriwa kuvunja ana ruhusa ya kukataa. Ibara ya 28 inasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi. Askari kijana anayeambiwa avunje mlango usiku wa manane bila karatasi analindwa na Katiba akikataa, ingawa ibara hiyohiyo inamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba amri ilikuwa haramu. Anastahili kufundishwa hivyo tangu siku ya kwanza ya mafunzo.

Pili, kuna adhabu. Ibara ya 180 ya Kanuni ya Adhabu inamtia gerezani, kwa siku 15 hadi mwaka mmoja, au kwa faini, ofisa au askari anayetenda kitendo cha kidhalimu dhidi ya uhuru na haki za watu zilizolindwa na sheria. Kwa kuwa Ibara ya 156 ya Katiba inawaweka polisi chini ya mahakama za kijeshi, malalamiko dhidi yao hupelekwa kwa oditora wa kijeshi, yaani mwendesha mashtaka wa mahakama hizo. Wengi hawalijui hilo, na huenda parke ya raia, huambiwa warudi kesho, kisha huchoka. Peleka barua yenye tarehe, saa, mahali, majina ya mashahidi na orodha ya vilivyochukuliwa, na baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine ipeleke kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa na sheria ya tarehe 21 Machi 2013, au kwa mashirika ya mji kama Groupe Lotus.

Tatu, kuna kesi yenyewe. Mwaka 1957 huko Cleveland, Marekani, polisi walivunja mlango wa mwanamke mmoja, Dollree Mapp, wakapunga karatasi wakisema ni hati. Mahakamani karatasi hiyo haikuonekana. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kilichopatikana kwa upekuzi haramu hakiwezi kutumika katika mahakama yoyote nchini humo. Kongo tunahitaji kanuni iliyoandikwa wazi namna hiyo, kwa sababu polisi anayejua kwamba ushahidi wa haramu utatupwa ataenda mwenyewe kutafuta sahihi. Wakati tunaisubiri, wakili wa Baa ya Tshopo, yaani chama cha mawakili, anaweza kuiomba korti iibatilishe PV iliyozaliwa na upekuzi haramu, na afanye hivyo katika kila kesi, hata anapodhani jaji hatamsikiliza. Hukumu nzuri huanza na ombi ambalo mtu fulani hakuchoka kulileta.

Watu watauliza kama yote haya hayawalindi majambazi. Jambazi analindwa na OPJ aliyeingia bila hati na kuandika PV mbovu, kwa maana kesi yake huanguka au huuzwa. Hati iliyoandikwa vizuri na PV yenye mistari kamili ndizo zinazompeleka jambazi gerezani hapa Kisangani kwa hukumu isiyotikisika.

Kwa hiyo, msomaji, wafundishe walio nyumbani kwako maswali manne, hata watoto: Wewe ni OPJ? Karatasi iko wapi? Ni saa ngapi? PV nitaisoma lini? Yaulizwe kwa sauti ya chini na kwa heshima, kila mara, katika kila komuni. Nanyi wabunge wa Tshopo mnaokwenda Kinshasa, leteni sheria inayoweka sahihi ya upekuzi mikononi mwa jaji na inayokataa ushahidi uliopatikana kwa njia haramu.